Ukoko Ndani ya Silinda

Marahaba, vijana wangu. Najua mmenisalimia kimoyomoyo kabla ya kuanza kusoma. Ambaye hakusalimia arudi juu aanze upya, mimi namsubiri hapa hapa.

Nataka kuwasimulia habari ya maganda ya risasi yaliyogoma kutoka. Msikunje uso! Najua mlitaka habari za majambazi na kukimbizana kwa pikipiki. Hizo kawaulizeni wanaozitunga. Mimi nilikuwa mtunza silaha, na katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kumwelekezea binadamu mtutu. Lakini msisimko nimeuona. Nimeuona kwa macho yangu, na chanzo chake kilikuwa vipande vya shaba vifupi kuliko kidole gumba, vimekwama ndani ya bastola, na jua linakwenda zake.

Kwa msionifahamu, mimi ni mtoto wa Suji, huko kwenye milima ya Upare. Nilishuka mlimani nikiwa na shati la kuvaa na shati la kufua. Nikakata mkonge huko tambarare pamoja na watu wa Kigoma, Iringa na Songea, mikono ikachanika mpaka nikawa nashika kijiko kwa kiganja. Nikajisomesha mwenyewe, hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono, nikatoka chuo cha ufundi na diploma ya uhandisi mitambo. Ipo sebuleni kwangu ndani ya kioo, juu ya televisheni. Mgeni akija kutazama taarifa ya habari, anatazama na diploma.

Cheo changu kazini kilikuwa Fundi Sanifu. Si fundi. Fundi ni yule anayekuzibia pancha. Fundi Sanifu ni mtu aliyesomea kwa nini hewa inatoka. Nilifanya kazi Dar es Salaam kwenye kampuni ya ulinzi, na kampuni ilipofungua tawi Same, niliomba mwenyewe kurudi. Wenzangu wakacheka. Mtu anaacha jiji anafuata vumbi! Nikarudi, nikajenga. Ukiwa unapanda Suji, ile nyumba ya bati la bluu inayokupiga macho kabla hujafika ni ya kwangu. Waulizeni wenye bodaboda.

Sasa tuingie kazini. Bastola zetu zilikuwa za silinda, zile ambazo risasi sita zinakaa katika vyumba sita vilivyopangwa duara, kama vikombe kwenye sinia. Ukifyatua, baruti inawaka ndani ya ganda, kichwa cha risasi kinakwenda mbele, ganda linabaki chumbani. Hapa ndipo elimu inapoingia, sogezeni masikio. Ule mlipuko unalivimbisha ganda mpaka linabana ukuta wa chumba. Kisha shaba inanywea kidogo na ganda linalegea. Unafungua silinda, unaelekeza mtutu juu, unaigonga fimbo ya mbele kwa kiganja, nayo nyota ndogo iliyo nyuma ya silinda inayainua maganda yote kwa pamoja na kuyamwaga chini. Mlio wake ni mtamu! Ni kama maharage yanayomiminwa kwenye ungo wenye bati chini.

Kwa nini mtutu uelekee juu? Kwa sababu ukiinamisha, punje za baruti ambazo hazikuungua zinaangukia chini ya ile nyota. Punje moja ikikaa pale, nyota hairudi mahali pake, silinda inakataa kufunga, nawe unaanza kukitukana kiwanda.

Na yasipotoka? Hapo kuna sababu, na sababu hiyo haiitwi bahati mbaya.

Aliyenifundisha kutafuta sababu ni Mzee Kapinga, Mngoni wa Songea, mkuu wa ghala letu la silaha kule Dar. Siku yangu ya kwanza niliingia na tai. Akanitazama kuanzia tai mpaka viatu.

“Kijana, umekuja kuposa?”

“Hapana, mzee. Nimekuja kazini. Nina diploma.”

“Hongera sana. Itundike pale kwenye msumari. Ukimaliza kufagia utaichukua.”

Nilifagia, ndiyo. Lakini nilifagia huku nikiangalia. Mlinzi akija na bastola analalamika kwamba maganda yanakwama, Mzee Kapinga hakuigusa ile bastola. Alinyoosha mkono na kusema neno lake moja: “Maganda.” Anayapanga kwenye sahani nyeupe ya bati, anayageuza taratibu kama mtu anayechambua mchele. Kwanza anatazama makalio ya ganda, pale ilipogongwa fataki, kile kidonge kinachowasha baruti. Kama fataki imelala bapa kama kitufe kilichopigwa pasi, risasi zina nguvu kupita kiasi. Hapo hakuna cha kusafisha, hakuna cha kujaribu tena. Unaacha kupiga, unalitenga boksi zima, basi. Kama ganda moja tu lina mchubuko, tatizo liko katika chumba kimoja, unakiwekea alama ya chaki. Kama yote sita yamekwama, tafuta kitu kinachoyaunganisha yote.

Mimi nikaongezea elimu ya darasani. Mzee alijua namna, mimi nikajua namna na sababu. Ndiyo maana baadaye nilimpita. Yeye mwenyewe alikiri hivyo, ingawa alikiri huku anacheka.

Sababu zenyewe zina vituko. Mlinzi wetu wa ghala la samaki kule bwawa la Nyumba ya Mungu, anaitwa Shomari, alinipigia simu siku moja. “Mkuu, bastola inateleza vizuri ajabu, lakini maganda hayatoki.” Nikapanda basi, nikamalizia na bodaboda, nikafika nimepauka vumbi. Nafungua silinda, harufu ya perege wa kukaanga ikanipiga usoni.

“Shomari, umepaka nini humu?”

“Mafuta, mkuu.”

“Mafuta gani?”

“Ya kupikia. Si kila chuma kinataka mafuta?”

“Na ulikaangia samaki kwanza?”

“Nisingeweza kuyamwaga, mkuu. Bado yalikuwa mazuri.”

Vijana, vyumba vya silinda havitaki mafuta. Vinataka ukavu. Mafuta yanakamata vumbi, na vumbi la huku kwetu mnalijua, linaingia hata kwenye yai. Halafu ganda lililoloa mafuta halishiki ukuta wakati wa mlipuko, linasukuma nyuma na kuitesa bastola. Tone moja kwenye bawaba, tone moja kwenye fimbo, kisha futa. Vyumbani kuwe kukavu kama sahani iliyoanikwa kichanjani. Shomari nilimfundisha kutwa nzima, na jioni akanipikia samaki kwa mafuta mapya. Walikuwa watamu, siwezi kusema uongo.

Zamani nilipoanza kazi tulisafisha kwa unyoya wa kuku na mafuta ya taa. Ninyi leo mna brashi za shaba za kila ukubwa, mna dawa ya kuyeyushia masizi, mnamulika kwa tochi ya simu, mnapiga picha ndani ya chumba na kuikuza mpaka chembe ya masizi inakuwa kama jiwe. Safi sana! Nawaonea wivu kidogo. Ila simu haitakuambia uulize swali gani, na hilo ndilo linanileta kwa Nakundwa.

Nakundwa alikuwa mlinzi katika shamba moja la mkonge. Mwanamke wa milimani kama mimi, mrefu, mkimya, na mwenye shabaha ambayo ilinifanya nijivunie kutoka mlima mmoja naye. Alikuwa amependekezwa awe kiongozi wa zamu. Hakuwahi kutokea mwanamke kiongozi wa zamu katika tawi letu. Kilichobaki ni mtihani wa shabaha: unapiga risasi sita, unatoa maganda, unajaza nyingine sita, unapiga tena, yote kabla ya filimbi. Mara ya kwanza alikuwa amefeli. Shabaha ilikuwa nzuri, lakini maganda yalimgomea hadi filimbi ikalia. Na sheria ya kampuni ilikuwa wazi: ukifeli mara mbili unarudisha bastola, unapewa kirungu, unakwenda kufungua geti. Siku hii ilikuwa ya mara ya pili.

Msimamizi wa mtihani alikuwa Afande Mrisho, mzee wa Hedaru, askari mstaafu, mwenye masharubu yaliyochongwa na suruali ambayo pindo lake lingeweza kukata mkate. Afande alipenda usafi kuliko chakula. Katika gwaride lililotangulia aliunyanyua mkanda wa Nakundwa mbele ya walinzi wote. “Tazameni! Tazameni risasi za mwenzenu! Zinang'aa mpaka mtu anaweza kujinyolea! Nikirudi nataka mikanda yote iwe hivi!” Nakundwa akainamisha uso kwa haya, lakini nilimwona anatabasamu.

Uwanja wetu wa shabaha ulikuwa chini ya mlima, nje ya mji wa Same. Tulipiga kuelekea mlimani, udongo mwekundu unameza risasi, na mchana ukisogea jua linakuwa mgongoni mwetu, upande wa Simanjiro. Lori la kutoka shambani lilichelewa siku hiyo, kwa hiyo kundi la Nakundwa likawa la mwisho.

Na ilikuwa Ijumaa. Kwa walio wageni niwaeleze: sisi Wasabato wa Suji na vijiji vingi vya Upare, Sabato yetu inaingia jua likizama Ijumaa. Makande yameshaiva, kuni zimeshapasuliwa, na hakuna anayegonga hata msumari mpaka jua la Jumamosi lizame. Nakundwa alikwenda kwa Afande mapema.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba.”

“Naomba nisisubirishwe. Jua likizama mimi sitapiga.”

“Kwa nini? Macho?”

“Sabato, afande.”

Afande akakuna masharubu. Yeye ni Mwislamu mwenye kushika swala, mambo ya ibada hakuyafanyia mzaha. “Sawa. Lakini kesho alfajiri naondoka kwenda Tanga, na matokeo naondoka nayo. Kwa hiyo jua lile ni lako na ni langu.”

Nakundwa akasimama kwenye mstari. Akapiga sita, na zote zikakaa katikati ya karatasi, zimebanana kama watoto chini ya blanketi. Akafungua silinda, akainua mtutu, akagonga fimbo.

Kimya. Hakuna kilichotoka.

Akagonga tena. Akagonga kwa nguvu mpaka nikauona mkono wake umekuwa mwekundu. Nyuma yetu akapaza sauti Kobelo, mlinzi mwenzake kutoka Kigoma, kijana mwenye mdomo usiojua mapumziko.

“Dada, tukuletee mchi?”

Wengine wakacheka. Filimbi ikalia. Afande Mrisho akatikisa kichwa, na nadhani alihuzunika kweli.

“Ni mikono, Nakundwa. Kazi hii inataka mikono.”

“Afande,” akajibu Nakundwa taratibu, “mikono hii imeshusha ndizi kutoka mlimani mpaka soko la Same tangu sijaota meno ya utu uzima. Tafuta sababu nyingine.”

Nikasikia damu inachemka! Tafuta sababu nyingine! Huyo angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Nikajitosa mbele.

“Afande, kabla hujaihukumu mikono, nipe bastola. Kama tatizo ni silaha, sheria inaruhusu arudie.”

“Inaruhusu,” akasema Afande. “Lakini jua lile pale, fundi.”

“Fundi Sanifu, afande.”

“Jua lile pale, fundi.”

Nikaiweka bastola kwenye meza. Na hili mlishike: ganda likikwama, usiligonge kwa jiwe, usipigepige fimbo kama unatwanga. Fimbo ikipinda, umeshapata tatizo la pili kabla hujatibu la kwanza. Kwanza hakikisha kwa macho kwamba kila risasi imelipuka, tazama alama kwenye kila fataki. Ukishahakikisha, na si kabla, unapitisha kijiti cha mti laini kutoka mbele ya chumba na kulisukuma ganda taratibu. Nilisukuma, moja baada ya jingine, yakatoka yakilia kwa kukwaruza.

Nikamulika vyumba. Vijana, mmewahi kuona sufuria ya ugali baada ya watu kula? Ule ukoko uliooka chini? Ndivyo kuta za vyumba zilivyokuwa. Kitu cha kijivu, kigumu, kimeshika katika vyumba vyote sita.

“Nimeupata!” nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye lori. “Vyumba vimejaa ukoko!”

Nikaingiza brashi ya shaba na dawa, nikasugua mpaka kuta zikatoa mwanga. Nikafuta, nikakausha. Sikutumia msasa. Atakayeingiza msasa kwenye chumba cha risasi asiseme aliwahi kunisoma. Nikatoa risasi mbili kwenye mkanda wa Nakundwa, nikasimama mwenyewe kwenye mstari, kifua mbele, nikapiga mbili, nikafungua, nikagonga fimbo kwa madaha.

Hayakutoka.

Kicheko kilichofuata nadhani kilifika Suji. Kobelo aliketi chini kabisa. Afande akakohoa.

“Fundi, naona na diploma imekwama.”

Nakundwa hakucheka. Alikuwa anatazama jua, ambalo sasa lilikuwa limebakiza kama kimo cha mtu mrefu juu ya mbuga. Akaanza kufungua kifungo cha mkanda wake ili aurudishe.

Nataka mwelewe jambo moja: sikuwa nimekosea. Nilikuwa nimepatia nusu, na nusu ya Fundi Sanifu si kitu kidogo. Ukoko ulikuwepo kweli. Nilichokuwa sijauliza ni huo ukoko ulipikwa na nani. Nikamsikia Mzee Kapinga kichwani kama amesimama begani kwangu: maganda.

Nikachukua risasi mpya kutoka kwenye boksi la akiba, ile yenye rangi iliyofubaa ya kiwandani. Nikayatoa yale maganda mawili kwa kijiti, nikapitisha brashi tena, nikaijaza ile mpya, nikapiga, nikafungua, nikagonga kwa kidole tu.

Tik! Ganda likaruka likaanguka kwenye kiatu cha Afande.

Kicheko kikakatika. Nikalishika ganda la boksi kwa mkono wa kushoto, na ganda la Nakundwa kwa mkono wa kulia. La kushoto lilikuwa laini. La kulia, nikilipitisha kwenye kucha, lilikwaruza. Nikachukua risasi moja nzima kutoka mkandani mwake, nikaisogeza puani.

Ndimu!

“Nakundwa, mwanangu, risasi hizi unazisafisha kwa kitu gani?”

Akanishangaa kana kwamba nimemuuliza maji yanachotwa kwa kitu gani. “Kwa majivu, baba. Majivu na ndimu. Kila Jumapili, kabla sijaingia zamu.”

“Kama sufuria?”

“Kama sufuria. Mama yangu angeona kitu cha shaba kimefubaa mikononi mwangu asingeniruhusu kula.”

Nani wa kumlaumu? Mwanamke wa kwetu anajulikana kwa kichanja chake. Sufuria zimeinamishwa juani, makalio yake yanameremeta, mpita njia anasema hapa kuna mtu. Bibi zetu walimkagua mchumba kwa kutazama sufuria kabla hawajatazama uso. Nakundwa alipewa shaba, akaitunza kama alivyolelewa. Ila majivu ni kama mchanga uliosagwa. Yanachora ganda mistari isiyoonekana, na ndimu inaila shaba mpaka inakuwa na vishimo. Yale yanayobaki yanakauka kwenye vitanzi vya mkanda, yanaganda kwenye risasi, yanaingia nayo chumbani. Moto wa baruti unayaoka. Ganda linavimba, linakamatwa kama ugali kwenye ukoko. Kila alivyozidi kung'arisha, ndivyo zilivyozidi kukwama. Na sheria yetu ilitaka siku ya mtihani mlinzi apige risasi za mkandani mwake, kisha apewe mpya. Kwa hiyo mkanda msafi kuliko yote ndio uliokuwa unamfelisha!

Nikayasema haya kwa sauti, hatua kwa hatua, kama mhadhiri. Nilipofika kwenye kung'arisha, Afande Mrisho akawa anatazama viatu vyake. Alikumbuka gwaride. Wote tulikumbuka gwaride.

Kobelo alikuwa ameacha kucheka. Nikamwona anaufunika mkanda wake kwa koti.

“Kobelo,” nikasema, “fungua koti.”

“Nasikia baridi, mkuu.”

“Same? Fungua.”

Akafungua. Risasi zilimeremeta kama meno ya dhahabu. “Afande si alisema tumwige dada,” akanung'unika. “Nimesugua mpaka kucha zimeisha.”

Hapo kila mtu alicheka, hata Nakundwa, lakini kwa muda mfupi, kwa sababu Afande aliinua mkono.

“Sheria inasema risasi za mkandani. Siwezi kumpa za boksi. Nikifanya hivyo, nitasemwa kwamba nimembeba.”

Jua lilikuwa limefika kimo cha mtoto.

“Afande,” nikasema, “sheria inasema zitoke mkandani. Inasema ziliingia mkandani lini?”

Akanitazama. Akatazama jua. Masharubu yakacheza.

“Haisemi.”

“Futa vitanzi!” nikampigia kelele Nakundwa, naye tayari alikuwa anavifuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani. Nikapitisha brashi katika vyumba vyote, kavu, haraka, mikono yangu inakwenda yenyewe. Tukazipachika risasi mpya vitanzini. Nakundwa akazitazama jinsi zilivyofubaa, akasonya kidogo.

“Baba, nitaonekana mchafu.”

“Uonekane mchafu, mwanangu! Nenda!”

Akasimama kwenye mstari. Mlima mzima mbele yetu ulikuwa mwekundu kwa mwanga wa mwisho, karatasi ya shabaha inaonekana kama imewashwa taa. Filimbi ya kuanza. Akapiga sita, mfululizo, hakuharakisha na hakuchelewa. Akafungua. Akainua mtutu juu. Nikajikuta nimeshika mkono wa Kobelo, mniamini, na Kobelo ameshika wangu. Akagonga mara moja kwa kiganja.

Maharage kwenye ungo! Yalimwagika yote, vijana, yote, yakarukaruka kwenye mawe. Nilipiga ukelele ambao mtu mwenye diploma hapaswi kuupiga. Akajaza sita, akafunga, akapiga. Risasi ya mwisho ililia, mwangwi ukapanda mlimani, na filimbi ya kumaliza ilikuwa bado haijapulizwa. Nikageuka nyuma. Jua lilikuwa ukucha mwekundu juu ya mbuga. Kisha halikuwepo.

Nakundwa alikuwa ameshaifungua bastola wakati ule ukucha ungalipo, akainua mtutu juu, akagonga, maganda yakaanguka. Akaiweka mezani ikiwa wazi, akarudi nyuma. Hapo tukakumbuka jambo. Kila ganda lilipaswa kuokotwa na kurudishwa kabla mtu hajaondoka uwanjani, na mwenye kuokota ni aliyepiga. Nakundwa alikuwa amesimama mikono imeshikana, anayatazama yametapakaa.

“Afande,” akasema, “jua limezama.”

Mimi nami nikaiweka mikono yangu nyuma. Ni mtoto wa Suji, nimewaambia. Kobelo, ambaye hana Sabato, alikuwa ameshatoweka nyuma ya lori anazifuta risasi zake kwa shati.

Afande Mrisho akatazama upande jua lilikotua. Swala ya Maghrib ilikuwa inamngoja. Akaitazama suruali yake yenye pindo la kukata mkate. Akavua kofia, akaninyooshea.

“Fundi Sanifu,” akasema, “nishikie kofia. Au nako ni kufanya kazi?”

Kofia ile niliipokea kwa mikono miwili. Mimi niliyepokea diploma kwa mkono mmoja!

Akachuchumaa kwenye vumbi, goti moja chini, akayaokota moja moja kati ya mawe na kuyatia mfukoni. La mwisho alilinyanyua kwenye kile kimwanga kilichobaki. Lilikuwa jeusi kwa masizi. Kwa mazoea kidole gumba chake kikaanza kulifuta, kisha kikasimama.

“Limechafuka, afande,” Nakundwa akasema kwa sauti ndogo.

“Limechafuka,” Afande akajibu, akalitia mfukoni vile vile lilivyo. “Lakini limetoka, kiongozi wa zamu.”